Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mwanga na Mionzi: Kuanzia Redio hadi Eksirei

Jua, mnara wa simu, rimoti, maikrowevu na mashine ya eksirei vyote vinatoa kitu kimoja: mawimbi ya sumakuumeme. Kinachoyatenganisha ni urefu wa wimbi. Ukishaujua urefu huo, unaweza kukadiria wimbi litapenya wapi, litazuiwa na nini na kama lina madhara. Kwa hiyo tunaanza na hesabu hiyo.

## Wimbi la sumakuumeme ni nini, na urefu wake unapatikanaje?

Ni mtikisiko wa umeme unaozaa mtikisiko wa sumaku, nao wa sumaku ukazaa wa umeme, wimbi likajiendesha lenyewe bila kuhitaji hewa wala maji. Sauti ikikosa hewa hufa. Mwanga wa jua huvuka utupu wa kilomita milioni 150 na kutufikia baada ya dakika 8 na sekunde 20 hivi. James Clerk Maxwell alipokokotoa kasi ya mawimbi haya, katika kazi aliyoitoa mwaka 1865, aliikuta ni ileile ya mwanga. Hapo ikawa wazi kwamba mwanga nao ni mmoja wa ukoo huo. Heinrich Hertz akayatengeneza mawimbi ya redio maabara mwishoni mwa miaka ya 1880, na jina lake ndilo tunalolitaja kila tukisema megahezi.

Urefu wa wimbi ni umbali kutoka kilele hadi kilele kinachofuata. Masafa ni idadi ya vilele vinavyopita kwa sekunde. Njia ya mkato: gawa 300 kwa megahezi, jibu ni mita. Redio ya FM 100 ina wimbi la mita 3. Wifi ya megahezi 2,400 ina sentimita 12 na nusu. Mwanga tunaouona uko kati ya nanometa 380 (urujuani) na 750 (nyekundu) hivi, na nanometa ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Marefu kuliko nyekundu ni infraredi, kisha maikrowevu, kisha redio. Mafupi kuliko urujuani ni urujuanimno, ile ambayo chupa za losheni huiandika UV, kisha eksirei na gama.

## Kwa nini mionzi mingine huleta saratani na mingine hapana?

Kwa sababu mwanga huja kwa vifurushi vinavyoitwa fotoni, na kifurushi cha wimbi fupi kina nguvu nyingi kuliko cha wimbi refu. Gawa 1,240 kwa nanometa, utapata nguvu ya fotoni moja kwa elektroni-volti. Kijani cha nanometa 550 kina 2.25. Urujuanimno wa nanometa 300 una 4.1, na huo tayari unaweza kuharibu viungo vya DNA kwenye ngozi. Kung'oa kabisa elektroni kutoka kwenye molekuli za mwili kunahitaji 10 na zaidi: hapo ndipo zilipo eksirei na gama. Fotoni ya wifi ina 0.00001.

Ukitaka kuangua embe, konzi mia za mchanga hazifai kitu. Jiwe moja linatosha. Fotoni dhaifu hata zikiwa nyingi haziungani kuvunja molekuli. Zinachoweza kuleta ni joto, na joto hilo ndilo viwango vya usalama vya redio na simu vinalolidhibiti.

## Mnara wa simu umejengwa nyuma ya nyumba yetu. Tuhame?

Tupige hesabu. Chukua antena inayopewa wati 20 na kuzikusanya upande mmoja mara 50, sawa na wati 1,000 kwa anayesimama mbele yake. Kwenye umbali wa mita 50, katikati kabisa ya mwelekeo wa antena, unapata wati 0.03 hivi kwa kila mita ya mraba. Kiwango cha kimataifa kwa watu wa kawaida, kwenye megahezi 900, ni wati 4.5. Uko chini yake zaidi ya mara mia. Jua la mchana linakupa wati 1,000 kwa mita hiyohiyo.

Halafu antena hurusha upande, kama taa ya mnara wa bandarini, haimwagi chini. Chini ya mnara mara nyingi mawimbi ni hafifu kuliko mtaa wa pili.

Ni kweli kwamba mwaka 2011 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliyaweka mawimbi haya kundi la 2B, yaani ushahidi haujakaa sawa lakini uwezekano haujafutwa. Kundi hilohilo lina dondoo ya jani zima la mshubiri. Anayetaka kupunguza mawimbi mwilini mwake aanze na simu yenyewe, ambayo iko sentimita moja kutoka kichwani na huongeza nguvu kila mtandao unapokuwa mdogo. Mtandao ukiwa kijiti kimoja tu, tumia spika au waya wa masikioni.

## Mbona simu inakosa mtandao ndani ya nyumba ya bati?

Wimbi likigonga metali, elektroni za metali hucheza na kulirudisha lilikotoka. Linaingia ndani kupitia madirisha, milango na mwanya kati ya ukuta na paa. Tundu likiwa dogo sana kuliko urefu wa wimbi, kwa wimbi hilo ni kama halipo: wavu wa mlango wa maikrowevu una matundu ya milimita 1 au 2, unazuia wimbi la sentimita 12, ilhali mwanga unapita na unaona sahani ikizunguka.

Masafa ya chini (megahezi 700 hadi 900) hupenya kuta na kuzunguka kona vizuri kuliko 1,800 au 2,600, ndiyo maana simu hushuka hadi 2G ukiingia chumba cha ndani. Kwa wifi ni vivyo hivyo. Rauta ikionyesha majina mawili, chumba cha mbali tumia lile la gigahezi 2.4 (gigahezi moja ni megahezi 1,000), la 5 ni la kasi ila hufia kwenye tofali. Usiifiche rauta nyuma ya jokofu wala nyuma ya kioo cha kujitazamia, maana mgongo wa kioo hicho umepakwa metali.

## Mvua ikianza tu, picha inaganda. Kosa ni la ungo au la mvua?

La wote wawili, mara nyingi. Ungo mdogo wa nyumbani hupokea gigahezi 10.7 hadi 12.75, wimbi la sentimita 2 na nusu hivi. Tone la mvua kubwa lina milimita kadhaa, ukubwa unaotosha kulifyonza na kulitawanya wimbi hilo. Nalo limetoka kwenye setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, kwa hiyo hata likiwa zima ni dhaifu. Maungo makubwa ya zamani ya gigahezi 4 yana wimbi la sentimita 7.5, na mvua huyasumbua kidogo sana.

Radi na mvua ya kumwaga ikikata picha dakika kumi na tano, hiyo ni kawaida. Manyunyu yakikata picha, ungo haujalenga sawasawa: ulikuwa unaishi ukingoni na mvua imeusukuma tu. Siku ya jua fungua ukurasa wa mawimbi kwenye king'amuzi na uangalie mstari wa ubora, si wa nguvu. Nguvu inaweza kuwa juu kwa kelele tupu. Legeza nati, sogeza ungo upana wa nusu kidole kushoto na kulia, subiri sekunde tano kila mara kwa sababu king'amuzi huchelewa kusoma, ubane penye ubora wa juu. Rudia juu na chini. Mwisho zungusha LNB, kile kichwa cha kupokea kilicho mbele ya ungo, nyuzi chache ndani ya kishikio chake. Mafundi wengi huiruka hatua hii, nayo peke yake inaweza kuongeza ubora kwa kiasi kinachoonekana.

Kisha fungua koneta. Ukikuta kutu ya kijani, maji yameingia: kata sentimita 5 za waya na ufunge upya. Kabla waya haujaingia LNB uache uning'inie kama kitanzi, ili maji yadondokee chini ya kitanzi badala ya kutambaa hadi kwenye koneta. Angalia pia kama mwembe haujakua mbele ya ungo tangu ulipofungwa. Ukibadilisha ungo wa sentimita 60 kwa wa 90, eneo la kupokea linaongezeka mara 2.25, na hapo mvua nyingi utaziona zikipita bila kukatiza mpira.

## Nitajuaje kama rimoti imekufa?

Rimoti nyingi hutoa infraredi ya nanometa 940, inayopepesa mara 38,000 hivi kwa sekunde. Jicho haliioni, kamera ya simu huiona. Washa kamera ya mbele (ya nyuma mara nyingi ina kichujio kinachoikata), elekeza pua ya rimoti, bonyeza. Ukiona nukta ya zambarau au nyeupe ikimeta, rimoti ni nzima na tatizo liko kwenye televisheni, au jua linapiga moja kwa moja kwenye jicho lake la kupokea. Usipoona kitu, badilisha betri na kwangua kutu kwenye springi zake. Kitufe kimoja tu kikigoma huku vingine vikimeta, mpira wa ndani umechakaa au umeingia mafuta ya mikono.

## Maikrowevu huacha mionzi ndani ya chakula?

Hapana. Ukizima, mawimbi yanaisha papo hapo kama mwanga unavyoisha ukizima taa. Gigahezi 2.45 huzitikisa molekuli za maji huku na huku, na msuguano huo ndio joto.

Kasoro yake halisi ni kupasha kwa mabaka. Mawimbi yakigongana ndani ya kasha huacha sehemu kali kila baada ya nusu ya urefu wa wimbi, yaani sentimita 6 hivi. Toa sahani inayozunguka, weka kipande kipana cha chokoleti kwa sekunde 20, upime umbali kati ya matone mawili yaliyoyeyuka. Zidisha kwa 2, kisha kwa bilioni 2.45: utapata kasi ya mwanga kwa makosa madogo. Wali uliolala uchanganye katikati ya kupasha, la sivyo kijiko kimoja kinaunguza na kingine kina baridi inayowahifadhi bakteria.

## Kwa nini mbingu ni ya buluu, na mbona kwetu giza huingia ghafla?

Molekuli za hewa ni ndogo sana kuliko wimbi la mwanga, na vitu vidogo hivyo hutawanya mawimbi mafupi kuliko marefu. Ukipunguza urefu wa wimbi kwa nusu, mtawanyiko unaongezeka mara 16. Buluu ya nanometa 450 hutawanywa zaidi ya mara 4 kuliko nyekundu ya 650, basi popote utakapotazama angani buluu iliyotawanyika inakujia. Urujuani hutawanywa zaidi, lakini jua linautoa kwa uchache na macho yetu huuona kwa shida. Magharibi mwanga hupita hewa nyingi mno, buluu yote inapotelea njiani, inabaki nyekundu.

Karibu na ikweta jua huzama karibu wima, likilivuka upesi eneo lililo chini kidogo ya upeo. Machweo huchukua dakika 20 na kitu. London wakati wa kiangazi jua huzama kwa mshazari, na mwanga hukawia muda mrefu.

## Upinde wa mvua mbona hauonekani saa sita mchana?

Mwanga huingia kwenye tone, hupinda, huakisiwa upande wa nyuma, na kutoka ukiwa umepinda tena. Nyekundu hutokea ikiwa na pembe ya nyuzi 42 kutoka kwenye mstari unaoanzia jua, ukapita kichwani kwako hadi kwenye kivuli chako. Jua likiwa juu zaidi ya nyuzi 42, upinde wote uko chini ya upeo. Kwa Nairobi au Kampala hilo hutokea kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, kutegemea mji na mwezi, na hali hiyo huendelea hadi alasiri. Kwa hiyo upinde wa asubuhi utafute magharibi, wa jioni mashariki, jua likiwa mgongoni.

Anayeutaka saa sita apande ghorofani, anyunyize maji kwa mpira kuelekea chini penye jua, aangalie kuzunguka kivuli chake.

## Samaki yuko hapa, chusa linapita juu yake. Kwa nini?

Kwenye maji mwanga hupungua kasi mara 1.33, na unapotoka majini kuingia hewani unapinda. Ubongo haujui hilo; unadhani mwanga umenyooka. Ukitazama wima, samaki aliye mita 1 chini anaonekana yuko sentimita 75. Ukitazama kwa mshazari anaonekana juu zaidi. Lenga chini yake, na kadiri unavyotazama kwa ulalo ndivyo uongeze. Mzamiaji wa pweza mwenye miwani bapa hupata kinyume kidogo: kila kitu kimekuwa kikubwa kwa theluthi moja, hata pweza anayemkadiria kilo mbili akiwa chini anapungua akifika ngalawani.

Mazigazi, yale madimbwi ya uongo kwenye lami wakati wa joto, ni ndugu wa jambo hilo. Hewa inayogusa lami ina joto na ni nyepesi, hupindisha mwanga wa mbingu kuelekea juu. Unachokiona si maji, ni kipande cha mbingu.

## Kanga dukani ilikuwa damu ya mzee, nyumbani ikawa nyingine. Nimeibiwa?

Umeibiwa na taa. Nguo hairudishi rangi ambayo haikupewa. Taa nyeupe ya LED ni kichipu cha buluu ya nanometa 450 kilichofunikwa unga wa njano. Jicho linaona nyeupe, lakini nyekundu iliyoiva imo kidogo, na kati ya buluu na kijani kuna pengo. Rangi mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya taa hiyo na kutofautiana juani. Kabla ya kulipa, toka na doti mpaka mlangoni. Kwa chumba cha fundi cherehani, tafuta taa yenye Ra (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi) ya 90 kwenda juu. Nyingi za bei nafuu ni 80 au chini.

## Paneli ya sola ya wati 100 mbona haitoi 100?

Namba hiyo ilipimwa kwa jua la wati 1,000 kwa mita ya mraba na paneli ya nyuzijoto 25. Juu ya bati paneli hufika 60 na zaidi, na kila nyuzi inapunguza asilimia 0.3 hadi 0.4. Iinue sentimita 10 hadi 15 hewa ipite chini yake. Infraredi iliyo ndefu kuliko nanometa 1,100 silikoni haiwezi kuitumia kabisa, joto la jua peke yake halileti umeme. Na kivuli cha jani moja juu ya seli moja kinaweza kuangusha safu nzima.

## Ni kweli jua linasafisha maji ya kunywa kwenye chupa?

Ni kweli, masharti yakifuatwa. Njia hii inajulikana kama SODIS. Kazi inafanywa na urujuanimno mrefu, wa nanometa 315 hadi 400, unaopita kwenye plastiki na kuharibu bakteria, virusi na vimelea vingi.

Tumia chupa angavu za maji, zenye namba 1 ndani ya pembetatu chini yake, zisizozidi lita 2. Chupa ya rangi, dumu la njano na ndoo havifai. Vijidudu ndani yake vitabaki vilevile. Toa lebo. Jaza robo tatu, funga, tikisa sekunde 20 ili oksijeni ichanganyike, kisha jaza hadi juu. Ilaze, usiisimamishe, juu ya bati, saa 6 mfululizo za jua. Anga ikifunikwa zaidi ya nusu, acha siku 2. Siku za mvua ya kutwa chemsha tu.

Maji ya tope hayatibiki hivi, kwa sababu vijidudu hujificha nyuma ya chembe. Jipimie: simamisha chupa iliyojaa juu ya kichwa cha habari cha gazeti, tazama kuanzia mdomoni hadi kitako. Maandishi yakisomeka, endelea. Yasiposomeka, acha maji yatuame na uyachuje kwa kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa, upime tena. Chupa iliyochubuka ikawa na ukungu ibadilishe. Kunywa kutoka chupa hiyohiyo. Ukimimina kwenye mtungi mchafu umerudi mwanzo. Jua haliondoi chumvi wala floridi, kwa hiyo wenye maji ya floridi maeneo ya Arusha wasitegemee hili kwa meno ya watoto.

## Kuna mawingu. Nahitaji kujikinga na jua?

Wingu jembamba huzuia joto kuliko linavyozuia urujuanimno, ndipo watu hubabuka bila kuhisi. Kipimo kizuri ni kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, mionzi ni mikali. Ukanda wetu hiyo ni takriban saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Kila ukipanda mita 1,000 inaongezeka kwa asilimia 10 hivi, na theluji mpya huakisi hadi asilimia 80, kwa hiyo kwenye kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, mita 5,895, unachomwa kutoka juu na kutoka chini, hadi chini ya kidevu.

Kwa mtu mwenye ualbino, nguo iliyofumwa kwa kubana na kofia ya ukingo wa sentimita 8 hadi 10 pande zote vinatangulia losheni. SPF 30 ina maana sehemu 1 kati ya 30 ya urujuanimno unaobabua inapita, ikiwa umepaka vya kutosha: nusu kijiko cha chai kwa uso na shingo, kurudia kila saa 2. Wengi hupaka robo hadi nusu ya kiasi hicho na kulaumu chupa. Kioo cha dirisha huzuia sehemu inayobabua lakini huachia ile ndefu, basi dereva huzeeka upande mmoja.

## Macho yanawasha usiku baada ya kuangalia fundi akichomelea. Yameharibika?

Cheche ya umeme hutoa urujuanimno mkali unaounguza ngozi ya juu ya jicho. Maumivu kama mchanga huanza saa 6 hadi 12 baadaye, hivyo watu hawaunganishi chanzo. Mara nyingi hupona ndani ya siku moja au mbili; yakizidi hapo nenda kliniki ya macho, na usitie maziwa wala dawa ya jirani. Fundi anahitaji kioo namba 10 hadi 12. Miwani nyeusi ya jua haitoshi.

Kupatwa kwa jua ni hatari zaidi, maana retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina neva za maumivu: inaungua kimya. Tarehe 2 Agosti 2027 kivuli kamili kitapita Misri, Saudia na Yemeni, huku sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ikiona jua likiliwa upande. Filamu ya eksirei, kioo cha moshi, CD na beseni la maji vyote havifai. Tumia miwani yenye ISO 12312-2 isiyo na mkwaruzo, au kioo cha kuchomelea namba 14. Njia isiyo na gharama: toboa karatasi tundu la milimita 1, geuka ulipe jua mgongo, mwanga uangukie karatasi nyingine. Taswira ina upana wa umbali uliogawanywa kwa 109, kwa mita 1 ni milimita 9. Chini ya mwembe mianya ya majani hufanya hivyo yenyewe, na ardhi yote inajaa vijua vilivyong'atwa.

## Eksirei, CT, MRI na altrasaundi: ipi ina mionzi ya hatari?

Eksirei na CT pekee, kwani CT nayo ni eksirei nyingi zinazopigwa kuzunguka mwili. Eksirei ya kifua ni milisiviti (kipimo cha mionzi inayopokelewa na mwili) 0.1 hivi. Mazingira ya kawaida, yaani udongo, hewa, chakula na anga, hutupa wastani wa 2.4 kwa mwaka duniani, kwa hiyo picha hiyo ni sawa na wiki mbili za kuishi. CT ya kifua ni karibu 7, miaka mitatu hivi. Ifanywe kukiwa na sababu. Mjamzito aseme kabla. MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio, mashine nyingi zikiwa karibu na megahezi 64, chini ya bendi ya FM. Hatari yake ni vyuma, si mionzi. Altrasaundi ni sauti tu.

## Rauta ya faiba imewasha taa nyekundu ya LOS. Nini kimetokea?

Mwanga haufiki. Ndani ya uzi wa kioo mwanga hugonga ukuta kwa mlalo mkali na kurudishwa ndani wote, mara nyingi mno, ukisafiri kilomita 200,000 kwa sekunde. Mkongo wa baharini wa TEAMS, uliofika Mombasa mwaka 2009 kutoka Fujairah, una kilomita 5,000 hivi: mwanga huimaliza kwa sekunde 0.025. Kupanda setilaiti ya kilomita 35,786 na kushuka ni 0.24, ndiyo maana simu za zamani za kimataifa watu walikatizana maneno.

Nyumbani angalia kwanza mkunjo. Uzi uliobanwa na mlango, au uliokunjwa kwa duara dogo kuliko la kikombe cha kahawa, huvujisha mwanga kwenye kona. Kisha koneta: njia ya mwanga ina maikrometa 9, nyembamba kuliko unywele, na chembe moja ya vumbi inaiziba. Futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti safi. Usipulizie kwa mdomo, mate yanakauka kuwa utando. Na usichungulie ncha kamwe. Nanometa 1,310 na 1,550 hazionekani, giza unaloliona si ushahidi kwamba hakuna kitu.

## Taa ya zambarau ya kukagua noti inaaminika?

Inasaidia. Noti nyingi ni karatasi ya pamba isiyotiwa dawa ya weupe, kwa hiyo chini ya taa hubaki nyeusi na alama zake chache tu hung'aa. Karatasi ya printa ina dawa hiyo na huwaka buluu yote. Taa za nanometa 365 hufanya kazi vizuri. Za 395, zile za bei rahisi, hutoa zambarau nyingi inayofunika alama. Shida ni sabuni ya unga, ambayo nayo ina dawa ya weupe: noti halali iliyofuliwa mfukoni mwa suruali huwaka kama bandia. Ikikuwakia, papasa maandishi yaliyoinuka na uiinue mwangani uone picha iliyofichwa ndani ya karatasi, kabla hujamwita mteja tapeli.